Mama Fundi wa Nyalenda na Shuka Linalozaa Virusi

Kabla ya lolote, msomaji aelewe jambo moja: hakuna chembe ya uongo katika habari hii. Mwandishi ameapa kwa pensheni yake, na hakuna mtu mzima mjini Kisumu anayeichezea pensheni. Mwenye shaka ateremke Nyalenda aulize kwa Mama Fundi. Hata mbuzi wa mtaa ule watamwelekeza.

Jua halijapita kimo cha mabati na Selpha Atieno tayari amekasirika. Ameketi barazani nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga, pini ameziuma kwenye meno, kwa hiyo anagomba kwa upande mmoja tu wa mdomo.

"Angalia hii," anasema, akiinua shuka la bluu mbele ya uso wake. Jicho lake linaonekana upande wa pili, kupitia tundu. "Mimi niliomba shuka, sikuomba nyavu. Hii seli ilikufa kabla kirusi hajafika!"

Aliyelileta ni Gakenia, muuza mapazia na mashuka ya mitumba, ambaye kibanda chake kinatazamana na baraza. Anacheka bila kuinuka.

"Mama Fundi, ya bure unataka ije imepigwa pasi?"

"Rahisi ni ghali, Gakenia! Uzi nitakaotumia hapa ungeshona sare mbili!"

Shuka hilo halina mteja, wala hakuna atakayelilalia. Kesho, Alhamisi, watu wazima watazishika pembe zake katika ukumbi wa kanisa, na mbele ya macho yao litazaa virusi vya Ukimwi mpaka liishe.

Selpha ana miaka arobaini na sita. Kazi inayomlisha ni kushona sare za shule, kazi yenye msimu kama maembe. "Januari nakula kama waziri," anasema. "Februari nakula kama mwalimu. Ikifika Julai nakula kama hii cherehani: mafuta kidogo, tena nikikumbukwa."

Kazi isiyomlisha, lakini inayommaliza, ni ya ushauri katika kliniki. Yeye mwenyewe anaishi na virusi tangu kabla kitinda mimba wake, Griffins, hajazaliwa, na hasemi kwa kunong'ona. "Ninong'one nini? Virusi havina masikio." Griffins alizaliwa salama kwa sababu mama yake hakuruka kidonge. Leo yuko sekondari, na kitu kimoja tu humwaibisha: mama yake kufika shuleni kwake na shuka.

Kliniki ilimchukua kuwa mshauri kwa sababu ya ulimi wake. Wagonjwa wapya huketi naye. Wanaopotea huwafuata hadi mlangoni, na wakijificha huwangojea.

"Wanaopotea ndio wananizeesha," anasema. "Virusi mimi nilishamzoea."

Zamani somo la virusi lilitolewa kwa bango. Sista Jacinta, muuguzi wa kliniki, alilitundika ukutani: duara la rangi rangi lenye miiba. Mzee mmoja akauliza kama ni nanasi. Mwenzake akataka kujua linastawi udongo gani. Sista alieleza vizuri, Selpha anakiri, lakini watu walisinzia.

"Hata mimi nililala. Mimi siwezi kuelewa kitu ambacho sijashona."

Basi akaenda nyumbani akashona. Na hapo ufundi wake mwenyewe ukamponza.

Fundi wa nguo hamwonyeshi mteja vazi lililo nusu. Mteja akiona shati lake halijatiwa mkono, ataanza kudai arbuni yake. Ndivyo Selpha alivyofunzwa na aliyemfunza, na ndivyo alivyofanya. Alitengeneza virusi vilivyokamilika: vibunda vya kitambaa, kila kimoja na ukubwa wa chungwa, vifungo vimezunguka pande zote, mishono imefichwa, vimepigwa pasi. Akavipanga kikapuni, akavifunika, akaenda navyo ukumbini kama mtu anayepeleka mandazi harusini.

Alipofunua, watu walipiga makofi. Kisha Mathews, mwenyekiti wa kikundi cha wagonjwa, mtu mwenye tai kila siku ya Mungu, akainua mkono.

"Mama Fundi, asante. Sasa jike iko wapi?"

"Jike gani, Bwana Mathews?"

"Ile ilitaga hizi. Kitu kikizaana lazima kina mama yake. Si tukiua mama, imeisha?"

Ukumbi mzima ukaona Mathews amenena. Kufika jioni nusu ya Nyalenda ilikuwa inaulizia dawa ya kuua jike la Ukimwi, na mganga mmoja karibu na soko alikuwa tayari anayo.

Selpha anasimulia hayo kwa hasira mbichi, kana kwamba ni ya jana. "Sista Jacinta akanivuta kando. Akaniambia, Selpha, kirusi hatagi. Hali. Hakui. Hawezi kujitengenezea hata kifungo. Anatengenezwa, na anayemtengeneza ni wewe, ndani ya seli yako. Sasa mbona unaonyesha watu nguo imeshapigwa pasi? Waonyeshe cherehani ikilia."

Alinuna wiki nzima. Kumwonyesha mtu kazi isiyoisha! Lakini aliporudi barazani, akatazama vipande vya sare vilivyozagaa miguuni pake, akaelewa kwamba Sista alikuwa na haki. Huzuni yake kubwa ilikuwa kufumua vile vibunda.

Somo la sasa ndilo hili. Shuka ni ngozi ya seli. Watu hulishika pande zote kimo cha kifua, na Selpha hujikunyata chini yake, ndani ya seli, na aproni iliyojaa tepe alizokata kutoka mabaki ya sare. Kila utepe una kifungo ncha moja. Kutoka huko chini husikika sauti yake ikieleza.

Kirusi, anasema, akiingia ndani ya seli haji na kiwanda. Anakuja na karatasi ya kukatia tu, ile mafundi wanaita pateni, na huichomeka katikati ya pateni za mwenye nyumba. Seli ni kama fundi mwenye haraka. Haiulizi nguo ni ya nani. Inakata na kushona kile karatasi inachosema.

Inashona tepe. Tepe zinasogea hadi ukingoni, ncha yenye kifungo inang'ang'ania ngozi kwa ndani, na mikia inaning'inia. Utepe mmoja haufanyi kitu, wala mbili. Zikishasongamana nyingi, bega kwa bega, shuka lenyewe linaanza kuvimba kuelekea nje. Walio juu huona uvimbe kama ndimu. Wakipepesa macho umekuwa chungwa. Kabla haujafunga, Selpha huutia tumboni nyuzi mbili nyekundu zinazofanana kama pacha. Hizo ni nakala za pateni, za kwenda kuvamia nyumba nyingine.

Halafu yeye hupiga kelele, "Kamba!" Mmoja wa walioshika shuka lazima atoe kamba yake mwenyewe, iwe ya kiatu au ya mkoba, aufunge uvimbe shingoni. Selpha hukata. Kibunda huanguka sakafuni nje ya seli, kimevaa bluu.

Hata hapo hakijaisha, na sehemu hii ndiyo aliyoificha mara ya kwanza kwa pasi yake. Kibunda kilichoanguka bado ni butu, hakijui kuuma. Ndani mna mkasi mdogo ambao hukata kila utepe vipande vipande, na vipande hivyo hujipanga upya kuzikumbatia zile nyuzi. Mkasi ukimaliza, kirusi kimekomaa. Selpha hukipasua kimoja na kuwaonyesha. Zipo dawa zinazoukwamisha mkasi huo, lakini Sista Jacinta, ambaye husimama kando kwa kazi hiyo tu, humkatiza kila mara: wengi wa waliomo ukumbini vidonge vyao hufanya kazi mapema zaidi, huzuia pateni isiingie seli mpya. "Usiwachanganye, Selpha." "Sijawachanganya, Sista, walikuja wamechanganyikiwa."

Kila kibunda kinaondoka na kipande cha shuka. Shuka linapungua, walioshika wanasogeleana, mabega yanagusana, na mwishowe watu wazima wanajikuta wameshika pindo tupu wakitazamana. Hapo hakuna anayesinzia.

Ndiyo maana kila somo linakula shuka. Shuka la kwanza kabisa lilikuwa pana kiasi kwamba siku lilipoanikwa upepo wa ziwa ulilinyakua, ukalipitisha juu ya mafunjo, likaonekana hadi Port Victoria, na wavuvi wa huko wakalipungia mkono wakidhani ni mgeni wa serikali.

Kitambaa kingine hutokana na faini. Kikundi kina sheria moja: anayesema uongo kuhusu virusi au dawa, au kuongeza chumvi hata punje, analipa kitambaa. Mathews alilipa pazia la sebuleni kwa lile jike lake, na mkewe hajakisamehe kikundi kizima. Mama mmoja alitoa kitambaa cha meza kwa kusema vidonge haviendi na dagaa wa omena.

"Wangekuwa wakweli ningefunga kazi," anasema Selpha. "Lakini hapa Nyalenda sitakosa kitambaa."

Vinavyomuudhi havihesabiki. Kuna wanaouliza soda kabla ya salamu. Kuna wanaoiba vifungo. "Nusu ya mashati ya mtaa huu yamefungwa kwa vifungo vya virusi. Nikipita nawaona, nanyamaza." Kuna mgeni aliyetoka mbali na gari safi, akatazama somo lote, kisha akashauri shuka liwe la rangi nyingine. "Nikamwambia, baba, leta. Rangi yoyote. Hajarudi."

Lakini mwaka huu aliyemzeesha kuliko wote ni wa tumbo moja naye.

Ochieng', mdogo wake, hutengeneza injini za boti katika kibanda chake ufuoni, pale mafunjo yanapoanza. Anaishi na virusi. Mkewe, Sheila, hana. Ochieng' amekubali jina lake liandikwe hapa kwa sharti kwamba iandikwe pia yeye ndiye fundi bora wa injini ufuo mzima. Imeandikwa.

Kwa miaka alimeza kidonge chake bila neno. Kipimo cha wingi wa virusi kikarudi na jibu ambalo kila mgonjwa huliombea: havionekani. Kikarudiwa, havionekani. Kliniki wakampa mkono. Selpha akapika samaki mzima aina ya mbuta. Kumbe hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Siku moja Sheila alikuwa akitafuta kiberiti kibandani. Ndani ya boksi la plagi kuukuu akakuta chupa za dawa, zimejaa hadi shingoni. Alifika kwa Selpha bila kubisha hodi.

"Dada Selpha, aliacha. Aliacha kitambo. Na mimi nalala nikijua niko salama."

Selpha alitoka na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alimkuta Ochieng' ameinamia injini, mikono ya grisi hadi viwikoni.

"Wewe Ochieng'! Umeacha dawa?"

"Nyaminwa, dada yangu, punguza sauti. Kuna wateja."

"Dada yako amekuuliza umeacha dawa?"

"Sikuacha. Nilimaliza. Sista mwenyewe alisema haionekani. Sasa kitu haionekani namezea nini? Injini ikipona naendelea kuifungua?"

"Omera, ndugu yangu, wavu ikitoka mtupu, utasema ziwa imeisha samaki?"

"Mimi si mvuvi."

"Yawa!"

"Mimi ni fundi. Nikiambiwa hakuna shida, nafunga mfuniko, narudisha spana kwa boksi."

Wateja wakacheka. Selpha, ambaye ulimi wake ndio ulimpa kazi, akageuka na tepu yake shingoni. Alirudi barazani akashona sare ya mtoto wa watu mfuko ukiwa mgongoni.

Anapofika hapa katika simulizi, anatoa pini mdomoni kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

"Dada yetu mkubwa aliacha hivyo hivyo," anasema. "Aliona amenenepa, akasema amepona. Jeneza yake, Ochieng' ndiye alibeba mbele. Anajua. Halafu ananiambia mfuniko."

Anazirudisha pini mahali pake.

Sheila ndiye aliyepata njia. Alhamisi iliyofuata alimwambia mumewe kwamba jenereta ya kanisa imekufa na mchungaji anamlilia. Ochieng' alifika na boksi la spana begani, akaikuta jenereta mlangoni inanguruma kama simba.

"Sheila, hii ndiyo imekufa?"

"Imefufuka. Hapa si ni kanisani?"

Angegeuka aondoke. Lakini ndani shuka lilikuwa limetandazwa, na mmoja wa walioshika alikuwa ametoka kufuata uvumi wa soda. Pembe moja ikaning'inia.

"Nani ameachia?" sauti ya Selpha ikafoka kutoka chini. "Wewe hapo mlangoni, viatu vya grisi, shika!"

Fundi hawezi kuona kitu kinaning'inia akakiacha. Ochieng' akaweka boksi chini, akashika.

Tepe zikasongamana. Uvimbe ukatokea mbele yake kabisa, kwenye pembe yake, ukakua. Selpha akaita kamba. Watu wakamtazama Ochieng'. Akapapasa mfukoni, akatoa kitu pekee alichokuwa nacho: kamba ya kuwashia injini, ile fupi yenye mpini wa mti, ambayo hamwazimi mtu yeyote. Akaufunga uvimbe shingoni. Mkasi ukalia, kibunda kikaanguka na kamba yake.

"Hiyo kamba ni yangu," alisema Ochieng'.

"Ndiyo," ilijibu sauti ya chini.

"Kwa nini yangu? Kwani kirusi hana yake?"

Selpha akatoa kichwa chini ya shuka. Anasema alijua papo hapo kwamba swali hili halijawahi kuulizwa na mtu anayesinzia.

"Hana. Kirusi alikuja na karatasi, basi. Uzi ni yako, cherehani ni yako, kitambaa ni yako. Hata ile mkono ya kufunga kamba ni yako. Na akitoka anatoka amevaa ngozi yako."

Hapa msomaji lazima aelezwe juu ya Wafula. Wafula alikuwa fundi mwenzake Ochieng', aliyepangishwa nusu ya kibanda. Ochieng' alikwenda matangani Seme, na aliporudi alikuta mwenzake ameunganisha injini za watu kwa spana zake, kwa grisi yake, hata kwa vifuniko vyake, na kuziuza kama mali yake. Waliachana kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Mpaka leo ukitaka kumtibua Ochieng', mtajie Wafula.

"Kama Wafula," alisema polepole.

"Mbaya kuliko Wafula. Wafula alikuachia kibanda."

"Na vidonge vinafanya nini?"

Sista Jacinta akajibu kutoka benchi lake. "Vidonge vinamzuia asiingie gereji mpya. Lakini kuna gereji aliingia zamani. Zingine zimelala, na karatasi yake iko ndani, imekunjwa. Kipimo chetu hakimwoni aliyelala. Ukiendelea na dawa, hata akiamka hana pa kwenda, na mkeo yuko salama. Ukiacha, anaamka anaanza kuunda."

"Kwa spana zangu."

"Kwa spana zako, Bwana Ochieng'."

Hapo Ochieng' akaanguka magoti. Akalia mpaka machozi yakafika vifundoni mwa waliohudhuria. Akatoka mbio bila viatu hadi kliniki, akadai dawa zake, akameza chupa nzima kwa mkupuo mmoja, na jua halijazama alikuwa mtu mpya.

Mpaka hapa mwandishi alikuwa akimsomea Selpha makala haya barazani, kwa sababu Selpha alikataa katakata yachapishwe kabla hajayasikia. Yeye alikuwa akishona huku akisikiliza. Kwenye lile shuka lililopungiwa mkono Port Victoria, cherehani ilipunguza mwendo. Kwenye machozi ya vifundoni ilisimama. Kwenye chupa nzima, alisimama yeye.

"Jaduong', mzee wangu," alisema. "Rudia hapo."

Mwandishi akarudia, kwa sauti ya chini kidogo.

"Alimeza nini?"

"Chupa... ni namna ya kusema tu, Mama Fundi. Kunogesha."

"Kuna mtu pale Kombewa alisahau dawa wiki mbili. Anasoma gazeti yako. Anaona Ochieng' alimeza chupa nzima akapona. Anameza chupa nzima. Utamzika wewe? Na hiyo pensheni umeapia?"

Gakenia, ng'ambo ya njia, alikuwa ameacha kupanga mapazia ili asikie vizuri.

"Sema ukweli wake sasa," mwandishi aliomba.

Ukweli, kwa mujibu wa Selpha, ni mdogo zaidi. Ochieng' hajapiga magoti tangu kipaimara. Aliendelea kushika pembe yake hadi shuka likaisha, akalalamika mkono umemfa ganzi, akadai kamba yake, akaondoka. Hakumuaga mtu. Selpha alilala akijua ameshindwa.

Siku iliyofuata Sheila alimkuta kwenye foleni ya kliniki, akigombana na kila aliyemtangulia. Sista Jacinta hakumkaripia. Alimtoa damu, na damu ikasema virusi walikuwa wameamka, tena wengi. Alimwanzisha tena: kidonge kimoja, kila siku, si zaidi. Sheila naye akapimwa. Yuko salama, na atapimwa tena.

Ochieng' hukimeza na uji wa asubuhi. Sheila anasema hukitazama kwanza kama mtu anayemlipa mwizi kodi, kisha hujipigapiga kifuani na kusema, "Lala, mjinga wewe." Halafu huenda kazini. Siku aliyochelewa kurudi kutoka ufuo wa mbali, alikuwa nacho mfukoni, kimefungwa na ile kamba yake. Kipimo kingine kinakuja. Selpha hajapika samaki bado.

"Safari hii nitapika chai tu," anasema. "Samaki ilimdanganya."

Kuhusu shuka la kwanza, lilianikwa, likakauka, likatolewa kambani. Port Victoria haikuhusika.

Mwandishi alitoa kalamu afute. Selpha akamzuia. Uongo uachwe ulipo, alisema, na ukweli ushonewe juu yake hadharani, kama kiraka, ili msomaji aone palipotoboka. Ndiyo maana vyote viwili vimo.

Kisha akanyoosha mkono. "Na faini."

Mwandishi akajitetea kwamba yeye si mwanakikundi. Gakenia akapaza sauti kwamba sheria haisemi mwanakikundi, inasema anayeongeza chumvi. Mwandishi akaahidi kuleta taulo. Selpha alikuwa tayari anapapasa ukosi wa koti la mwandishi la kijivu, zawadi ya kustaafu, lenye bitana inayong'aa.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Mshono ndio aibu. Vua."

Mpango wa Selpha ni kulipeleka somo lake pwani yote ya ziwa, kutoka Kombewa hadi Port Victoria, popote ambapo mtu ameambiwa havionekani na akaelewa havipo. Nauli hana, na gari la yule mgeni aliyetaka rangi nyingine halijarudi. Ana uzi, na ana ndugu aliyeapa kubeba boksi la tepe kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayeigusa kamba yake isipokuwa yeye.

Kombewa tayari wameenda, na mwandishi alialikwa. Seli ya siku hiyo ilikuwa ya kijivu. Waliposhika na tepe zikaanza kusongamana, uvimbe wa kwanza ulichomoza mgongoni mwa koti, kisha mwingine karibu na mfuko wa ndani. Ochieng' akafunga shingo kwa kamba ya injini, Selpha akakata, na kibunda kikaanguka miguuni mwa mwandishi. Kilikuwa kimevaa vizuri kuliko yeye.

"Pole, Jaduong'," alisema Ochieng'. "Ndivyo anavyotoka. Na koti la mwenyeji."

Mwandishi alirudi Kisumu na shati tu. Alikuwa amekusudia kumweleza msomaji jinsi upepo wa ziwa ulivyovuma siku hiyo, miti uliyong'oa na mabati uliyobeba. Kisha akakumbuka kwamba Selpha husoma gazeti, na kwamba suruali bado anayo.